Waliobeba Kabla Yetu

Tafakari ya juma la pili la Pasaka
Masomo: Mwanzo 2:8–15, Yohana 20:11–18



Jumamosi iliyopita tulikuwa kumi na mmoja. Basi lilitushusha kwenye lango la Newstead Abbey, kaskazini ya jiji hili la Nottingham, mvua ya rasharasha ikitupiga usoni, nasi tukafunga makoti na kuanza kutembea. Hapo langoni kuna mwaloni mnene wa miaka mingi sana. Unaitwa Mwaloni wa Mahujaji, maana inasimuliwa kwamba waliokuja kusali kwa watawa walipumzika chini yake kabla ya kumalizia safari. Kutoka pale hadi kwenye jumba ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu, miti kushoto na kulia. Mwisho wa Aprili miti hiyo huwa na kijani ambacho nilipofika nchi hii sikuwa na jina lake. Baadaye nilikikumbuka: ni kijani cha jani la mgomba lingali limejikunja, halijaona jua.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu mwaka jana baadhi yetu hutoa Jumamosi moja kila mwezi kufanya kazi katika bustani za pale. Newstead ni jumba la kale lililogeuzwa makumbusho, na limezungukwa na maziwa, bustani na mbuga yenye ekari kama 300. Mwaka 1931 tajiri mmoja, Julien Cahn, alilinunua akalikabidhi jiji, na hadi leo ni mali ya umma wa Nottingham. Lakini mali ya umma haijipalilii. Kuna waridi za kupogoa katika ile iliyokuwa bustani ya mboga ya wenye jumba, yenye ukuta pande zote. Kuna bustani ya Kijapani aliyoitengeneza Ethel Webb, wa familia iliyomiliki jumba, mwanzoni mwa karne ya 20, na mawe yake ya kuvukia vijito huota kuvu kila majira ya baridi, mgeni asiyeangalia akateleza. Kuna rododendroni zinazotambaa msituni na kuinyima mwanga mimea midogo. Wazee Waingereza wanaojitolea pale wamefanya kazi hizo miaka mingi, na magoti yao yamechoka. Tulipofika mara ya kwanza, mama mmoja mwenye mvi alituhesabu kwa macho, akatabasamu, akaenda kutafuta glovu zaidi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile niliuona msemo huo ukitembea.

Kazi yetu ya Jumamosi ilikuwa kwenye majani ya daffodili. Maua yenyewe yale ya manjano yalikwisha kunyauka, yakabaki majani marefu yaliyolala chini, mengine yameanza kukauka ncha. Mama mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Uvira, mwenye mkono wa usafi hasa, alikwisha kukusanya fungu la kwanza na kuliinulia mkasi. Mkuu wa bustani akamkimbilia. Vichwa vilivyonyauka vikatwe, akasema, lakini majani yaachwe majuma sita hivi. Majani hayo mabaya ndiyo yanayokula jua sasa na kupeleka chakula chini, kwenye kitunguu cha ua. Ukiyakata leo ili pawe safi, mwakani huna ua. Mama akashusha mkasi, akayatazama yale majani kwa muda. Kisha akapiga magoti na kuanza kukata vichwa, kimoja kimoja.

Wakati wa chai ndipo swali lilipoulizwa. Tulikuwa na kijana mgeni, hajatimiza mwezi tangu alipojiunga nasi, ametokea Goma. Alikuwa amesukuma toroli la matandazo tangu asubuhi bila kusema neno. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanigeukia.

"Pasta, hii kazi wanalipa ao iko salongo?"

Wakongo waliokuwapo walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Enzi za Mobutu, salongo ilikuwa kazi ya umma ya lazima: watu wanafagia barabara, wanazibua mitaro, na anayekosekana anajua kitakachompata. Kijana huyu hakuziona enzi hizo. Amelirithi neno kwa wazazi wake, pamoja na uchungu uliomo. Mwenzetu wa kutoka Rwanda akataja umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi nikataja msaragambo wa kwetu Tanzania. Mkenya wetu akasema harambee, na hapo mabishano yakaanza, kwani kila mmoja alikuwa na kisa cha jambo lililoanza kwa moyo na kuishia kwa kuitwa majina.

Nilimjibu kwamba hawalipi, na kwamba si salongo, anaweza kuondoka sasa hivi na hakuna atakayemwandika. Akaitikia kwa kichwa. Jibu langu lilikuwa kweli, lakini halikutosha, nami nililijua hilo kabla sijamaliza chai. Kwa sababu jumba lile, wapendwa, limejengwa na kutunzwa kwa kila aina ya kazi ya bure iliyopata kuwako chini ya jua, na nadhani Mkristo anayeshika reki pale anapaswa kujua amesimama juu ya nini.

Mwanzo wake ni sala. Mfalme Henry wa Pili aliwapa mahali hapo watawa wa utaratibu wa Mtakatifu Augustino katika karne ya 12. Waliishi, wakasali na kufuga samaki mabwawani hadi mwaka 1539, Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa. Mwaka uliofuata mali ikaenda kwa Sir John Byron. Ukuta wa mbele wa kanisa bado umesimama, mrefu, mwembamba, na juu kabisa yupo Bikira Maria wa jiwe ambaye hakuna aliyemwangusha. Ukipita mlango wake, ndani hamna kanisa. Kuna majani na anga. Inasemekana watawa walikitupa ziwani kinara chao cha kusomea Injili, chenye umbo la tai wa shaba, kisiangukie mikononi mwa mfalme, na hati zao ndani yake. Katika karne ya 18 tai huyo alivuliwa matopeni. Leo yuko katika kanisa kuu la Southwell, na Neno bado linasomwa juu ya mbawa zake. Mkipata nafasi, nendeni mkamwone.

Wageni wengi huja kwa ajili ya mshairi Lord Byron, aliyerithi jumba hilo likiwa linavuja, akiwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 1798. Hao hupelekwa kwenye kaburi kubwa la mbwa wake, Boatswain, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa mwaka 1808. Sina neno baya kwa mtu anayempenda mbwa. Lakini kila ninapolipita kaburi lile na toroli langu nawaza juu ya wengine ambao fedha zao zilirudisha paa la jumba hili, na ambao hawana hata kigingi cha mti bustanini.

Byron alikosa fedha, akauza. Aliyenunua, mwaka 1817, kwa paundi 94,500, alikuwa Thomas Wildman, askari aliyepigana Waterloo, aliyesoma shule moja na Byron. Utajiri wa Wildman ulitoka Jamaica, kwenye shamba la miwa liitwalo Quebec. Waliolima miwa hiyo walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Kwa sukari hiyo paa lilizibwa, vyumba vikarembwa, mnara mpya ukainuliwa, ukaitwa Mnara wa Sussex. Kisha Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake, kwa sheria ya 1833, Bunge lilitenga paundi milioni 20 za kuwafidia. Kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Mwaka uleule wa 1817 serikali ya Jamaica ilianza kuwaandikisha watumwa katika daftari, na daftari hizo zipo hadi leo. Kwa hiyo watu hawa wana majina. Mengi ni majina waliyobandikwa na mabwana zao, lakini ni majina, na yanasomeka.

Baada ya Wildman kufa, mwaka 1859, jumba lilinunuliwa na William Frederick Webb. Huyu alikuwa mwindaji aliyeugua vibaya kusini mwa Afrika, akauguzwa na mmisionari aitwaye David Livingstone. Hakusahau. Mwaka 1864 Livingstone aliporudi Uingereza kutoka mto Zambezi, Webb alimkaribisha Newstead, naye akakaa hadi mwaka uliofuata pamoja na binti yake Agnes. Alikaa katika Mnara wa Sussex. Humo ndimo alimoandika kitabu chake cha safari ya Zambezi, akilaani biashara ya watumwa aliyoiona kwenye mto Shire na ziwa Nyasa. Naomba msome sentensi hizo tena. Kitabu cha kulaani utumwa kimeandikwa katika mnara uliojengwa kwa jasho la watumwa. Sisemi Livingstone alikuwa mnafiki, siwezi kuujua moyo wake. Nasema kalamu yake ililalia meza iliyolipiwa na watu ambao yeye hakuwataja.

Sasa niwaambie kwa nini mimi, mtoto wa Masasi, nilishindwa kujizuia machozi siku ya kwanza nilipoingia jumba hilo na kuoneshwa picha moja. Ni picha ya mwaka 1874, iliyopigwa Newstead. Wamo Agnes Livingstone, ndugu yake Thomas na mchungaji Horace Waller. Na pamoja nao wamo watu wawili wa kwetu: Abdullah Susi na James Chuma, wakiwa na ramani na madaftari ya marehemu Daktari.

Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa kijana mdogo, alikuwa katika msafara wa watumwa ukipelekwa pwani, nao ukazuiwa na Livingstone na Askofu Mackenzie wa misheni ya UMCA, misheni ileile iliyokuja kuanzisha kanisa la Masasi nililobatiziwa mimi. Susi alitoka Shupanga, kwenye ukingo wa Zambezi katika Msumbiji ya leo, na aliajiriwa kama kibarua. Wote wawili walikuwa na Livingstone kuanzia 1866 katika safari ile ya mwisho iliyochukua miaka saba. Alipofariki mapema Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Fikirini hali ilivyokuwa. Aliyewaajiri amekufa. Mkataba umekufa naye. Bwana wa kuwaamuru hayupo, hakimu hayupo, na balozi wa karibu yuko Zanzibar, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Kumzika pale na kutawanyika kungekuwa jambo la akili, na hakuna ambaye angewalaumu. Walikaa wakashauriana. Wakautoa moyo wake wakauzika chini ya mti, mwenzao Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko kwenye kitabu chake cha sala, kisha akachonga jina na tarehe kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani majuma mawili, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaushona ndani ya turubai na kuupaka lami. Halafu wakaubeba.

Waliubeba miezi tisa. Kulikuwa na wanawake pia, kama Halima mpishi, na ni vibaya kwamba vitabu huwapa mstari mmoja tu. Kulikuwa na homa, na wenzao wengine walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na afisa Mwingereza, Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji walikataa katakata maiti kupita katika nchi yao, wakiogopa balaa. Hapo walitengeneza mzigo wa mabua ulio mfano wa maiti, watu kadhaa wakaondoka nao kama wanaorudi kuzika, na maiti yenyewe ikaviringishwa upya, ikapita kama mtumba wa nguo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa wanaweza kwenda. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huo, London ikiwa imechipua kama ilivyochipua sasa. Kati ya wabebaji wote, aliyekuwapo ni Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Walikuja kufanya nini? Walikuja kufanya kazi nyingine ambayo haionekani. Madaftari ya Livingstone yalikuwa vipande vipande, mengine yameandikwa juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa utomvu wa matunda. Horace Waller alikuwa na kazi ya kuyapanga yawe kitabu, na asingeweza bila wao wawili. Wao ndio waliojua kijito gani kilitangulia kijito gani, nani alikuwa mgonjwa siku ipi, kambi ilikuwa upande upi wa mto. Kitabu kilitoka kabla mwaka haujaisha, jina la Livingstone likiwa kubwa kwenye jalada.

Hebu sasa irudieni ile picha. Chuma, aliyefungwa shingo katika mstari wa watumwa akiwa mtoto, yuko katika jumba lililofufuliwa kwa fedha za watumwa, ameshika ramani. Sijui kama mtu yeyote alimwambia. Mimi nikisimama mbele ya picha hiyo nasikia kazi zote tatu zikisemezana: kazi ya kunyang'anywa, kazi ya kulipwa, na kazi ya kutoa. Wale wa Quebec walinyang'anywa. Susi alipoajiriwa Shupanga alilipwa. Lakini kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, hasa baada ya pale Tabora ambapo mzungu mwenye cheo aliwapa ruhusa ya kutua mzigo, walitoa. Tofauti ya kazi hizi haimo katika uzito wa mzigo. Imo katika kuwapo mlango wazi wa kuondoka, na mtu akabaki.

Ndiyo maana sipendi tunapolitumia neno kujitolea ovyo. Kiswahili chetu kimelijenga neno hilo kwa hekima: mtu anatoa, na anachokitoa ni nafsi yake. Hatolewi. Kijana wetu wa Goma anaijua tofauti hii kwa mwili. Anangoja jibu la ombi lake la hifadhi, na sheria ya nchi hii haimruhusu kuajiriwa wakati anangoja, ila inamruhusu kujitolea katika mashirika ya hisani na taasisi za umma. Kabla hajatufikia sisi, mkahawa mmoja hapa mjini ulimwambia anaweza "kujitolea" kwao. Aliosha vyombo usiku majuma saba. Alipewa chakula kilichobaki. Hiyo haikuwa hiari, na haikuwa halali, kwa kuwa biashara ya mtu si hisani. Nawasihi mnaomjua mtu aliye katika hali kama hiyo mje mniambie, wako watu wa kumsaidia. Msione haya, wala msimwache aone haya.

Lakini angalieni pia alichokifanya Jumamosi baada ya jibu langu. Alimaliza chai, akasimama, akaliendea toroli. Saa nane mchana nilimkuta karibu na bwawa, amekaa juu ya jiwe, anamfundisha bwana mmoja Mwingereza wa miaka sabini na kitu kusema "pole na kazi". Yule mzee alikuwa akikosea, wanacheka wote wawili. Miezi mitano kijana huyu amekuwa namba ya faili. Pale alikuwa mwalimu.

Somo letu la kwanza lasema Mungu mwenyewe alipanda bustani, kisha akamweka mtu ndani yake na kumpa kazi ya kuilima na kuiangalia. Kabla ya dhambi, tafadhali. Kabla ya jasho la laana. Bustani haikuwa ya Adamu, na kazi aliyopewa haikuwa adhabu. Nilipokuwa mdogo nikipogoa mikorosho na babu, nilidhani kazi ni kitu tulichofukuziwa nacho. Babu hakusoma sana Maandiko, lakini aliyashika mashina yale kama mtu anayemsalimu jirani.

Na somo la pili. Maria Magdalena analia kaburini, alfajiri, anamwona mtu amesimama, naye anamdhania mtunza bustani. Tumezoea kulisikia jambo hili kama kosa la macho yenye machozi. Mimi, tangu nianze Jumamosi hizi, nalisikia vingine. Ni nani mwingine anayekuwa bustanini saa ile, umande haujakauka? Maria alifikiri kwa akili kabisa. Na Bwana aliyefufuka, mwenye enzi yote, alikuwa amesimama namna ambayo aliweza kudhaniwa kuwa kibarua. Hakukasirika wala hakumsahihisha cheo. Alimwita kwa jina lake, na kwa jina hilo macho yake yakafunguka.

Kwa jina. Hapo ndipo ninapotaka kukazia wiki hii. Kuna wenzetu wawili walioniambia kwamba hawatakwenda tena Newstead baada ya kusikia habari za Jamaica. Nawaheshimu, na wasisukumwe na mtu yeyote. Mimi nitaendelea, na sababu yangu ni kwamba nyumba isiyotunzwa hubomoka pamoja na ushahidi wake. Mnara ule ukianguka, nani atakayeuliza ulijengwa kwa fedha gani? Picha ile ikiliwa na unyevu, nani atakayemwonesha mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Nottingham kwamba Chuma na Susi walikanyaga sakafu hii? Lakini sitaki tuendelee kama mikono tu. Tuingie na midomo pia. Mgeni akikuuliza habari za jumba wakati unapalilia, usimwambie tu njia ya kwenda kwenye kaburi la mbwa. Mwambie Quebec ilikuwa wapi, na nani walilima huko. Mwambie Chuma alirudi Afrika, akaongoza misafara ya UMCA, akafia Zanzibar mwaka 1882. Mwambie Susi alibatizwa huko mwaka 1886, akachagua jina David, akafariki 1891. Wengi hawajapata kusikia, na hupokea kwa adabu wakiambiwa kwa adabu.

Katika maombi ya Jumapili hii, mzee wa kanisa atayasoma majina ya Chuma, Susi, Wainwright na Halima, kisha tutakaa kimya kwa ajili ya wale wa Quebec. Nimewaomba pia vijana wetu wanaojua kutumia kompyuta wanisaidie kuzitafuta zile daftari za Jamaica, ili mwakani, Pasaka ikija, tuwe na majina ya kusoma pale ambapo sasa tuna kimya. Anayeweza kusaidia anione baada ya ibada.

Zamu ijayo ni Jumamosi ya pili ya Mei. Rododendroni zitakuwa zimefunguka kando ya maji, na majani ya daffodili yatakuwa bado hayajaiva kukatwa, kwa hiyo tutafanya kazi ya kusugua mawe ya vijito katika bustani ya Kijapani. Njooni na buti za mpira, koti la mvua na chakula cha mchana. Glovu zipo. Tukutane kituo cha basi saa mbili kasoro robo asubuhi. Asiye na nauli aniambie mapema, amekwisha kulipiwa.